Nimepima presha ya macho sehemu mbili, moja dakika tatu nyingine nusu siku: nyota 1 na nyota 4

Majina ya hizo sehemu siyataji, sitaki ugomvi na mtu, afu nahisi ziko nyingi za hivyo. Ninachotaka ni mtu akienda kulipia kipimo cha glakoma (huo ugonjwa tunaouita presha ya macho) ajue analipia nini, maana mi nililipia mara mbili ndo nikaja kujua kwamba ile ya kwanza sikupimwa glakoma bana, nilipulizwa upepo nikaambiwa nenda nyumbani.

Kilichonipeleka ni bro wangu. Kanizidi miaka sita, hajawahi kulalamika macho hata siku moja, miwani hana, ile chati ya herufi anaisoma mpaka mstari wa chini kabisa ambao mimi hata na miwani naukisia. Ila kuna vitu alikuwa anafanya tukawa tunamcheka. Bega la kushoto kila wiki lina alama, anagonga fremu ya mlango ule ule wa chumbani kwake aliotumia miaka. Ukimpasia mpira kutoka kushoto anaushtukia ukiwa umeshafika miguuni. Na kwenye gari alikuwa na neno lake moja, "katokea ghafla". Mwenye baiskeli katokea ghafla, mtoto katokea ghafla, mpaka tukawa tunamwambia we bro kwako kila mtu anatokea ghafla, kwani watu wanaota kama uyoga? Shemeji akasema ni haraka zake, mi nikasema umri. Kumbe vyote vilikuwa vinatokea upande uleule na hakuna aliyeunganisha. Siku anagundulika, jicho la kushoto lilikuwa limeshapoteza sehemu kubwa ya pembeni na la kulia limeanza, na hiyo iliyoenda hairudi, si kwa dawa si kwa operesheni. Matone anayotia kila usiku sasa hivi ni ya kulinda kilichobaki.

Na hakuumwa. Hicho ndo kinanitisha mpaka leo, hakuwashwa, hakutoa machozi, jicho halikuwa jekundu, hata ukungu hakuuona. Daktari wake akamwambia ndugu wote wa damu wakapimwe, maana ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma uwezekano wako na wewe unapanda mara kadhaa, na ukishavuka 40 unapanda zaidi, na watu wenye asili ya Afrika inatupata mapema na inatukamata vibaya zaidi. Mi nina 44 na nina miwani ya minus tano, na kutoona mbali nako kunaongeza hatari. Kwa hiyo nikawa natiki kila kiboksi.

Sehemu ya kwanza ilikuwa duka la miwani. Kijana mpole, nikamwambia nataka kupimwa glakoma, akasema hamna shida kaka, kaa hapa, kidevu hapa, tazama ile picha ya nyumba, usifumbe. Puf. Nikaruka. Jicho la pili nikaruka kabla hata ya upepo. Mashine ikatoa kikaratasi, 17 kulia na 18 kushoto, akanionyesha kwa kalamu, "kawaida ni 10 mpaka 21, uko vizuri kaka, huna glakoma". Dakika tatu. Nikatoka nimenyooka, nikapiga picha kile kikaratasi nikamtumia bro na vidole gumba viwili.

Bro akajibu: "Mdogo wangu, na mimi ilikuwa 18. Mshipa wamekuangalia?"

Nilikaa kwenye gari nikaisoma hiyo meseji kama mara tano.

Iko hivi. Tumezoea kuiita presha ya macho, na hilo jina ndo linatupoteza. Ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa muda wote (siyo machozi, machozi yako nje) na yanatoka kwa kona ndogo iliyopo kati ya kile kioo cha mbele na ile sehemu yenye rangi. Yakitoka kwa shida presha inapanda, na inayoumia ni mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, ule waya wenye nyuzi kama milioni moja unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa ni huo mshipa kufa. Presha ni kitu kinachouua, tena siyo mara zote, kuna watu wana presha ya 16 au 18 na mshipa unakufa hivyohivyo, na kuna mwingine ana 24 miaka na miaka mshipa mzima. Halafu presha yenyewe inapanda na kushuka ndani ya siku moja, sasa mtu akikupima mara moja saa nane mchana akakuambia huna glakoma, amejuaje?

Sisemi ile mashine ya upepo ni mbovu. Ni nzuri kwa kuchuja watu wengi haraka na wenye presha kubwa inawakamata. Nyota moja niliyowapa ni ya upole wa yule kijana, na nne nimezinyima kwa sababu ya maneno mawili tu, "huna glakoma". Angesema presha yako leo iko kawaida ila nenda kaangaliwe mshipa, ningempa zote.

Haya, sehemu ya pili. Kliniki ya macho yenye daktari bingwa. Nilifika saa mbili asubuhi nikatoka saa saba mchana, kwa hiyo kama una kikao siku hiyo sahau.

Kwanza fomu. Maswali mengi, nikawa najaza haraka haraka hapana hapana hapana, kufika "umewahi kutumia dawa zenye steroidi" nikaweka hapana. Dada wa mapokezi akaipitia akaniuliza, matone ya macho yoyote uliyojinunulia mwenyewe? Nikasema yale ya kuwashwa tu, nayatumiaga msimu wa vumbi, mwaka jana nilitia kama miezi mitatu mfululizo. Akasema unayo jina? Nikatafuta picha kwenye simu, nikasoma kwenye chupa, deksamethasoni. "Hiyo ni steroidi kaka, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho." Aisee. Kumbe matone ya steroidi ukitia wiki na miezi bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho, na mi nilikuwa namgawia mpaka jirani. Hapo hapo nikawapa nyota ya kwanza, maana mtu mwingine angepokea ile fomu akaibandika kwenye faili basi.

Tukiwa kwenye foleni kuna mama kaingizwa kashikwa mkono na kijana wake, jicho moja kaliziba kwa kitenge, mkono mwingine ana mfuko anatapikia. Kijana anaeleza kwa sauti, jana jioni kichwa upande mmoja kilianza kumpasuka, akatapika usiku kucha, wakadhani tumbo, wakampa dawa ya tumbo, asubuhi ndo kasema taa zilikuwa na duara za rangi kama upinde wa mvua na sasa hivi jicho hilo anaona moshi. Nesi akafunua kitenge, akamulika tochi sekunde mbili, jicho jekundu na ile mboni imetanuka haisogei hata ukimulika, akamshika mkono akampitisha moja kwa moja ndani. Watu wawili wakaanza kulalamika tumewahi sisi. Nesi hakuwajibu hata.

Baadaye nilimuuliza daktari hivi ile nayo ni glakoma? Akasema ndiyo, aina ya kona kuziba ghafla, maji hayana pa kutokea na presha inaruka mpaka 50 au zaidi, na hiyo ni ya saa, siyo ya wiki. Maumivu makali ya jicho na kichwa, kutapika, wekundu, ukungu, duara za rangi kwenye taa, ukiviona vimekuja pamoja usilale navyo, nenda usiku huohuo. Akasema wengi wanachelewa kwa sababu kutapika kunawapeleka kwenye tumbo. Na wengine walishapewa ishara, taa zilikuwa zinawaletea duara na jicho kuuma kidogo gizani, kisha inapoa yenyewe, wanasema ni uchovu. Kwa hiyo kuna glakoma mbili tofauti kabisa kitabia, moja inapiga kelele na nyingine ni ile ya bro, na ya bro ndiyo ya wengi wetu.

Basi zamu yangu ikafika, kipimo cha uwanda wa kuona. Hiki ndicho nilikuja kukilipia na ndicho nilichokichukia. Unafunikwa jicho moja, unaweka kidevu, mbele yako kuna bakuli kubwa jeupe, katikati kuna kitaa cha njano unakitazama hicho tu, mkononi una kitufe. Taa ndogo zinawaka pembeni, nyingine kali nyingine hafifu kabisa, ukiiona bonyeza. Kazi rahisi. Baada ya dakika mbili nikaanza kuona taa zisizokuwepo. Nikawa nabonyeza kwa kukisia, maana kuna kimya kirefu unajisemea hapa lazima imewaka mi sijaiona, ngoja nibonyeze nisije nikaonekana kipofu. Macho yanataka kuzifuata taa, shingo imekaza, jicho lililofunikwa linatoa jasho. Kama dakika sita kila jicho, nilihisi nusu saa.

Fundi akaja akaangalia kioo akacheka kidogo, "kaka umebonyeza sana kwenye hewa, mashine imekukamata". Kumbe inakutega, kuna muda inalia kama inawasha kitu na haiwashi, ili ione kama unadanganya. Na hakuna aliyeniambia kabla kwamba hata mtu mwenye macho mazima kabisa anakosa taa nyingi, mashine inazipunguza makusudi mpaka usizione ili ijue mwisho wako uko wapi. Hiyo sentensi moja ingeniokoa. Hapa ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Ikabidi nirudi siku nyingine kurudia, mara ya pili nilikuwa najua mchezo, nikatulia, ikatoka safi. Daktari akasema kipimo cha kwanza kwa watu wengi hakiaminiki sana, hivyo ukipewa karatasi ina madoa meusi siku ya kwanza usianze kulia, omba kurudia.

Ila ile karatasi ndiyo ilinifanya nimwelewe bro. Kwenye kila jicho kuna doa moja jeusi hata kwa mzima, pale mshipa unapotokea nyuma ya jicho hakuna kitu cha kuonea. Nina miaka 44 na sijawahi kuliona hilo tundu. Daktari akasema ndivyo ubongo ulivyo, unaziba pengo kwa kuchora kinachofanana na pembeni, na jicho la pili linasaidia. Glakoma inatumia ujanja huohuo. Ndiyo maana mgonjwa haoni giza pembeni kama kwenye zile picha za bomba jeusi wanazobandika ukutani, anaona ukuta umetimia, mlango umetimia, ila mwenye baiskeli kwenye hilo pengo hayumo, mpaka atoke. "Katokea ghafla." Nilimeza mate pale.

Sasa hivi mtu akiniuliza dalili za mwanzo ni zipi namwambia za kuhisi karibu hamna, ila angalia tabia. Kukosa ngazi ya mwisho ukishuka. Kugonga vitu upande uleule. Kumimina maji pembeni ya glasi. Kupotea ukiingia chumba chenye giza kutoka kwenye mwanga, wenzako wameshazoea we bado umesimama. Kuhitaji taa kali zaidi ya zamani kusoma. Na hizo nazo tayari ni za kuchelewa, wakati unaanza kugonga milango nyuzi nyingi zimeshakufa. Wengine wanajipima kwa kufumba jicho moja wakiangalia kalenda, au programu za simu, sawa fanya, ila ukiona uko vizuri isikuzuie kwenda.

Vipimo vingine nipitie haraka. Presha walinipima tena, safari hii kwa dawa ya ganzi na matone ya rangi ya njano, kidude chenye mwanga wa buluu kinakuja taratibu mpaka kinagusa jicho, inatisha kuangalia ila huhisi kitu. 19 na 20. Kisha wakapima unene wa konea, kile kioo cha mbele, wastani wa watu ni kama maikroni 540, mimi 498. Nikauliza kwani inahusu nini, akanijibu vizuri sana, konea nyembamba inasalimu amri mapema mashine ikiibonyeza, kwa hiyo namba inatoka ndogo kuliko presha halisi. Yaani ile 18 ya dukani kwangu inaweza kuwa inadanganya. Halafu wakaweka kilenzi chenye vioo juu ya jicho waone ile kona kama iko wazi, hiki kilinikera, unahisi kama kope zimefunguliwa na koleo, lakini sekunde chache tu. Na kinafanyika kabla ya dawa ya kutanua mboni kwa sababu mwenye kona finyu ukimtanua unaweza kumwanzishia lile balaa la yule mama.

Kisha dawa ya kutanua mboni. HAKUNA ALIYENIAMBIA KWENYE SIMU nisije na gari. Nusu saa baadaye meseji sizisomi, nikitoka nje jua linanichoma kama nimefungua oveni, na ilikaa hivyo kwa masaa matano. Gari nililiacha. Apointimenti waliniandikia vizuri kwa meseji, saa, jina la daktari, mlango namba ngapi, wakashindwa kuongeza "njoo na mtu, njoo na miwani ya jua". Wakiongeza hilo nusu ya malalamiko yangu yanaisha.

Daktari mwenyewe ndiye mwenye nyota zote. Akageuza kompyuta tuone wote, picha ya mshipa wangu, duara la rangi ya chungwa na katikati pamefifia kama kikombe. Akasema duara lote ndiyo sahani, angalia ukubwa wa kikombe ndani yake. Kulia kikombe ni kama nusu ya sahani. Kushoto kimekula zaidi, 0.7 ya sahani. Wapo watu wamezaliwa na vikombe vikubwa na hawana shida, ila macho mawili ya mtu mmoja yakipishana kiasi hicho ni lazima uulize kwa nini. Skani ya nyuzi ilionyesha sehemu moja ya njano na kijisehemu chekundu, roho ikaruka, akanituliza, mashine inakulinganisha na watu wa umri wako na jicho la minus tano ni refu kidogo, linaweza kutoa nyekundu ya uongo.

Jibu langu kwa hiyo siyo ndiyo wala hapana. Natuhumiwa kuwa na glakoma, hilo ndo neno alilotumia, akacheka na mimi nikacheka. Dawa sijaanzishwa, steroidi nimeacha, narudi baada ya miezi sita nipigwe picha ileile ilinganishwe na hii. Akasema picha ya leo thamani yake ni ya kesho, kitakachoniambia ukweli ni mshipa wangu kubadilika au kutobadilika. Na nikija kuhitaji tiba kuna matone na kuna leza ya dakika chache, ila niwaambie nikipata pumu wakati wowote, kuna matone kama timololi hayapatani na kifua. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia dawa ya jicho inaweza kubana kifua.

Kwa anayeuliza ataijuaje sehemu nzuri, mi nauliza maswali kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani: mnaangalia mshipa kwa kutanua mboni? Uwanda wa kuona mnapima? Kona je? Nitapewa nakala ya picha na ripoti niondoke nazo? Wakijibu "tunapima presha" wasalimie ukate. Nakala ni muhimu, mimi walinipa ila niliomba mara mbili.

Nyota 4 kwa kliniki. Dada yetu wa mwisho ana apointimenti yake Alhamisi palepale, nimemwambia aseme ukweli kwenye fomu, aache kubonyeza hewa, na asiende na gari. Kuhusu gari kashabisha, kasema yeye macho yake hayana shida.